Kosa Juu ya Dhamana: Adhabu Iongezwe kwa Illa Gani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na Ahali zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye hivi sasa anasalisha katika msikiti mmoja huko Uingereza, aliniletea mas'ala ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuyakata. Kijana mmoja katika jamaa ya msikiti wake, ambaye wazee wake walitoka pwani yetu hii, alishtakiwa kwa wizi. Akakana, akaachiwa kwa dhamana. Kabla kesi yake haijasikilizwa aligombana na mtu njiani akamjeruhi. Kosa hilo la pili alilikiri. Hakimu alipotoa hukumu alisema bayana kwamba ameongeza kifungo kwa kuwa kosa limetendwa na mtu aliye nje kwa dhamana. Baada ya miezi kadhaa kesi ya kwanza ikaanguka. Ushahidi haukutosha, na kijana akahesabiwa kuwa hakuiba.

Waumini wa msikiti ule wakagawanyika makundi mawili. La kwanza likasema: Amestahiki. Mtu aliyeaminiwa akavunja amana hana huruma katika Sharia, na lau angehukumiwa kwa Sharia angeadhibiwa zaidi ya hapo. La pili likasema: Amedhulumiwa. Ameongezewa adhabu kwa tuhuma ambayo haikuthibiti, na hilo ni jambo lisilo na asili katika dini. Mama wa kijana yule akamwendea imamu akamuuliza swali moja tu: Mwanangu anatumikia miezi ile ya ziada kwa dhambi gani?

Swali la mama huyu lina uzito kuliko hoja za makundi yote mawili, kwa sababu limegusa kile ambacho wanavyuoni wa Usuli hukiita illa, yaani sababu ambayo hukumu imejengwa juu yake. Makala haya yanakusudia kuihakiki sheria yenyewe, kisha kuzihakiki kauli za makundi mawili hayo, kwani kwa maoni yangu kila moja limeshika nusu ya haki na kuitupa nusu ya pili.

SHERIA ZENYEWE ZINASEMAJE

Haifai kuhukumu jambo kabla ya kulijua sura yake. Basi tutazame sheria tatu.

Ya kwanza ni ya Uingereza. Sheria ya Dhamana ya mwaka 1976 ilimpa mshtakiwa haki ya jumla ya kupewa dhamana, ila pakiwa na sababu za kumnyima. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 magazeti ya huko yalipiga kelele juu ya watu wanaoiba tena na tena hali wako nje wakingoja kesi. Kwa ajili hiyo Sheria ya Jinai ya mwaka 1993 ikaweka sharti kwamba hakimu, anapopima uzito wa kosa lililotendwa mtu akiwa kwenye dhamana, ni lazima ahesabu jambo hilo kuwa linazidisha uzito wa kosa. Hukumu hiyo imehamishwa kutoka sheria moja hadi nyingine, mwaka 2000, mwaka 2003, na leo imo katika kifungu cha 64 cha Sheria ya Hukumu ya mwaka 2020. Zingatia mambo mawili. Kuzidisha ni lazima, lakini kiasi cha kuzidisha kimeachwa kwa hakimu. Na maneno ya kifungu hayasemi lolote juu ya mwisho wa kesi ya kwanza.

Ya pili ni ya serikali kuu ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1984 katika mageuzi ya sheria ya dhamana. Hiyo inasema kwamba mtu akipatikana na hatia ya kosa alilolitenda hali ameachiwa, atapewa juu ya adhabu ya kosa lenyewe kifungo kingine kisichozidi miaka 10 ikiwa kosa hilo la pili ni la jinai kubwa, au kisichozidi mwaka mmoja ikiwa ni dogo. Kifungo hicho hakitumikiwi pamoja na kingine, bali hufuatana nacho. Lakini sheria hiyohiyo imeweka katika kila amri ya kuachiwa sharti kwamba mtu asitende kosa lolote muda wa kuachiwa kwake, na imemlazimisha hakimu kumweleza kwa maandishi masharti yake na kumjulisha adhabu atakayopata akiyavunja.

Ya tatu ni ya jimbo la California. Hapo mtu aliyeachiwa kwa jinai kubwa akitenda jinai kubwa nyingine, huongezewa miaka 2. Ila kuna jambo ambalo halimo katika zile mbili: iwapo hukumu ya kosa la pili imetangulia, nyongeza husimamishwa mpaka kesi ya kwanza imalizike. Akipatikana na hatia katika ile ya kwanza, nyongeza hutekelezwa. Asipopatikana na hatia, nyongeza huanguka moja kwa moja.

Hapa mwenye kuzingatia ataona kwamba watunga sheria watatu wametenda kitendo kimoja kwa illa tofauti, na pengine wenyewe hawakusema illa yao ni ipi.

DHAMANA KATIKA FIQHI

Wanafunzi wetu wa pwani wanaosoma Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) wanaujua mlango wa dhamana na kafala. Kafala ya mwili ni mtu kujifunga kumhudhurisha mwenziwe pale atakapotakiwa. Asili yake katika Qur'an ni kisa cha Nabii Yaaqub (a.s.), alipokataa kumtoa mwanawe afuatane na nduguze mpaka wampe ahadi nzito mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba watamrudisha (Sura Yusuf, aya ya 66). Na katika sura hiyohiyo, aya ya 78 na 79, nduguze walipotaka mmoja wao ashikwe mahali pake, Nabii Yusuf (a.s.) alijikinga kwa Mwenyezi Mungu na kumshika mtu asiyekuwa yule aliyekutwa na mali. Aya hizi ndizo mizani ya makala haya: ahadi ni nzito, lakini mkono wa adhabu haumfikii mtu ila kwa kile kilichokutwa kwake mwenyewe.

Ama kuhusu mtuhumiwa, imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai kutoka kwa Bahz bin Hakim, kwa baba yake, kwa babu yake, kwamba Mtume (s.a.w.) alimzuia mtu kwa tuhuma, na katika riwaya ya Tirmidhi kwamba kisha alimwachia. Tirmidhi ameihesabu Hadith hii kuwa hasan. Wanavyuoni wamechukua humo kwamba kumzuia mtuhumiwa kwa muda si dhulma, na kwamba kumwachia ndiyo marejeo yake pasipothibiti kitu. Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria) ametaja katika Al-Ahkam as-Sultaniyya khitilafu juu ya muda wa kizuizi hicho: az-Zubayri katika Mashafii amesema hauzidi mwezi mmoja, na wengine wameuacha kwa rai ya mtawala. Wenzetu wanaokaa rumande mwaka na zaidi bila ya kusikilizwa, basi na waikumbuke kauli ya az-Zubayri.

Kisha, imepokewa kwa Abu Daud na Nasai kwamba watu walioibiwa waliwatuhumu wafumaji fulani, wakawapeleka kwa Nuuman bin Bashir (r.a.). Akawazuia siku chache, halafu akawaachia. Wenye mali wakamlaumu kwa kuwaachia bila kuwapiga. Akawajibu kwamba wakitaka atawapiga, lakini mali isipopatikana atawapiga wao walalamikaji kadiri hiyohiyo, na akasema kuwa hiyo ni hukumu ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Tazama, ndugu msomaji, tuhuma ilivyo na thamani ndogo mbele ya Swahaba. Inatosha kuuliza, haitoshi kuumiza.

Napenda hapa kusahihisha jambo ambalo nimelisikia mara nyingi mimbarini. Baadhi ya masheikh wakizungumza juu ya dhamana hutoa dalili ya yule mwanamke wa Ghamid, aliyekiri zinaa mbele ya Mtume (s.a.w.), akaahirishiwa mpaka ajifungue, na mtu katika Ansari akamkafili. Riwaya hiyo iko kwa Muslim. Wanasema: hii ndiyo dhamana ya mahakamani. Si hivyo. Imam Nawawi katika sherehe yake ameeleza kwamba maana ya kumkafili hapo ni kusimamia masurufu na maslahi yake, wala si kafala ya dhamana, kwa kuwa kafala hiyo haijuzu katika hadi za Mwenyezi Mungu. Na katika Minhaj ameweka wazi kwamba kafala ya mwili inasihi kwa mwenye adhabu ya haki ya mwanadamu, kama kisasi na hadi ya kumsingizia mtu zinaa, na haisihi katika hadi za Mwenyezi Mungu. Dalili iliyo karibu zaidi ni ile aliyoitaja Bukhari katika Kitabu cha Kafala, kwamba Hamza bin Amr al-Aslami, aliyetumwa na Sayyidna Umar (r.a.) kukusanya sadaka, alichukua wadhamini kwa mtu mmoja mpaka alipofika kwa Umar, na Umar akayasadikisha maelezo ya watu juu ya mtu yule.

JE, KUONGEZA ADHABU KWA SABABU YA HALI KUNA ASILI?

Kundi la pili katika msikiti ule limesema kwamba nyongeza haina asili katika dini. Kauli hii ni kosa, na nitataja dalili mbili.

Ya kwanza, imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliletewa an-Najashi al-Harithi, mshairi, aliyekunywa pombe mchana wa Ramadhani. Akampiga mijeledi 80, kisha akamfunga, na kesho yake akampiga 20 nyingine, akamweleza kwamba hizi 20 ni kwa ujasiri wake mbele ya Mwenyezi Mungu na kula kwake mchana wa Ramadhani. Basi hapa pana kosa moja la kunywa, na pana hali iliyolizunguka, na hali ile ikapewa adhabu yake.

Ya pili, madhehebu yetu ya Shafii yamezidisha uzito wa dia ya kuua kwa kukosea ikiwa mauaji yametokea ndani ya Haram ya Makka, au katika miezi mitukufu, au aliyeuawa ni ndugu wa karibu asiyeoleka. Kitendo ni kilekile, lakini mahali, wakati au udugu vimekizidishia uzito.

Kwa hiyo anayesema kwamba kosa halizidi kwa hali yake hajasoma. Lakini naye aliyesema kwamba Sharia ingemwadhibu kijana zaidi ya hapo azizingatie sifa tatu katika hukumu ya Sayyidna Ali. Moja: nyongeza ilitengwa na adhabu ya asili, siku mbali na hesabu mbali. Mbili: sababu yake ilitajwa kwa ulimi mbele ya anayeadhibiwa. Tatu: hali yenyewe ilikuwa ya yakini, kwani mwezi wa Ramadhani ulikuwa umethibiti. Hebu tujiulize: lau mtu yule angekunywa siku ya shaka, kisha ikabainika kuwa ilikuwa ni Shaabani, je, Sayyidna Ali angempiga zile 20? Hakuna faqihi atakayesema ndiyo. Angempiga 80 za pombe, na zile za Ramadhani zingekosa mahali pa kusimama.

ILLA NI IPI?

Sasa turudi kwa mama yule na swali lake. Illa ya nyongeza inaweza kuwa moja katika mambo matatu.

Kwanza, iwe ni lile kosa la kwanza aliloshtakiwa. Illa hii ni batili kabla ya kosa hilo kuthibiti. Asili ya mwanadamu ni kutokuwa na hatia, na yakini haiondolewi na shaka. Nyongeza ikijengwa juu ya tuhuma ni siku ya shaka iliyofungwa kama Ramadhani. Huenda mtu akasema: je, Hadith ya kuziepusha hadi kwa shubha haitoshi kulikata suala hili? Nasema sitaiegemea hapa, kwa sababu as-Suyuti na wengine wamebainisha kwamba shubha haiondoi taaziri, nayo nyongeza hii haiwezi kuwa chochote ila taaziri. Tunachokiegemea ni asili ile ya kutokuwa na hatia, na inatosha.

Pili, iwe ni kurudia kosa. Kurudia kuna athari katika fiqhi, lakini kinachohesabiwa ni makosa yaliyothibiti. Hadith zilizotaja adhabu kali kwa mnywaji anapofika mara ya nne, ambazo Tirmidhi ameeleza kwamba hukumu yake ilifutwa, zilihesabu mara ambazo mtu amekwishapigwa, hazikuhesabu mara alizotuhumiwa. Wala haisemwi amerudia kwa mtu ambaye mara yake ya kwanza haijathibiti.

Tatu, iwe ni kuvunja ahadi. Mtu aliyekuwa mikononi mwa dola ameachiwa kwa kuaminiwa, naye akaitumia fursa ile kuwadhuru watu. Kuvunja ahadi ni maasi. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura Al-Israa, aya ya 34, kutimiza ahadi na akatubainishia kwamba ahadi itaulizwa. Na kanuni ya Minhaj ni kwamba taaziri huwa katika kila maasi yasiyo na hadi wala kafara. Basi illa hii inasihi.

Atapinga mpinzani: Kutoiba na kutojeruhi ni wajibu kwa kila mtu, kwenye dhamana na nje ya dhamana. Ahadi ya kutenda lililo wajibu haiongezi kitu, kama ambavyo nadhiri ya jambo la wajibu haifungiki. Jawabu ni kwamba nadhiri si kipimo pekee. Mtu akila yamini kwamba hatakunywa pombe, kisha akanywa, ana dhambi ya pombe na juu yake ana kafara ya yamini, ingawa kuiacha pombe kulikuwa wajibu kabla ya yamini. Basi ahadi juu ya wajibu ina athari yake mbali na wajibu wenyewe.

KUZIPIMA SHERIA TATU KWA ILLA HII

Tukikubali kwamba illa inayosihi ni kuvunja ahadi, zinafuata sharti nne: ahadi iwe imefanywa kweli, kwa kujua, ifanywe bila kulazimishwa kwa batili, nyongeza iwe kwa kiasi cha ahadi iliyovunjwa, na itengwe na kutajwa sababu yake.

Katika sharti ya kwanza, sheria ya serikali kuu ya Marekani imetangulia. Imeweka sharti ya kutotenda kosa katika kila amri ya kuachiwa, na imeagiza mtu aonywe kwa maandishi. Sheria ya Uingereza imepungukiwa hapa. Kwa asili ya Sheria ya mwaka 1976, wajibu wa aliyedhaminiwa ni kurudi mahakamani. Sharti ya kutotenda kosa huwekwa pale hakimu anapoona haja. Kisha nyongeza inamwangukia kila mtu, aliyewekewa sharti na asiyewekewa. Atasema mtu kwamba lijulikanalo kwa desturi ni kama lililoshurutishwa. Kanuni hiyo ni sahihi katika mikataba ya mali na ndoa. Ama kumwongezea mtu kifungo kwa ahadi ambayo hakuna aliyemtamkia, hapo desturi haitoshi.

Katika sharti ya pili pana ufafanuzi. Mtu aliyezuiwa kwa tuhuma yenye dalili amezuiwa kwa haki, hata kama mwisho wake ataonekana hana hatia, kwani Mtume (s.a.w.) alimzuia mtu kisha akamwachia na kizuizi kile hakikuwa dhulma. Ahadi yake aliyoitoa ili atoke ni ahadi sahihi. Ama aliyekamatwa kwa chuki au kwa uzushi usio na dalili yoyote, huyo amelazimishwa kwa batili, na ahadi ya aliyelazimishwa kwa batili haina nguvu. Kesi ya kwanza ikianguka ni lazima iulizwe imeanguka kwa namna gani. Sheria ya Uingereza, kwa maneno yake, haiulizi, na wala ya Marekani haiulizi. Ya California ndiyo inayongoja, ijapokuwa inakwenda mbali zaidi kwa kuiangusha nyongeza yote kwa kila asiyepatikana na hatia.

Katika sharti ya tatu, sheria ya serikali kuu ya Marekani imeteleza mtelezo mkubwa. Miaka 10 kwa kuvunja ahadi peke yake, mbali na kosa lenyewe! Mashafii wamesema kifungo cha taaziri kisifike mwaka mmoja, kwa kuwa kumhamisha mzinifu asiyewahi kuoa ni mwaka mmoja, na taaziri isifike kiwango cha hadi. Najua kwamba Malik (r.a.) ameliacha hilo kwa rai ya mtawala, na mimi simkatazi mtu kushika kauli yake. Lakini hata kwa kauli hiyo, mtawala ana wajibu wa kupima kwa maslahi. Kwa upande huu sheria ya Uingereza ni bora, maana hakimu anaweza kuongeza kidogo pale ahadi ilipokuwa nyepesi.

Katika sharti ya nne, Marekani na California zinatenga nyongeza peke yake. Uingereza huichanganya ndani ya uzito wa kosa, na ndiyo maana mama yule alibaki akiuliza. Nyongeza iliyochanganyika haiwezi kutolewa hata pale sababu yake inapopotea, kama ambavyo maji yaliyomwagika katika maziwa hayatolewi.

HOJA YA WANAOTAKA UKALI ZAIDI

Wapo wanaotoa dalili ya kauli ya al-Mawardi, kwamba mtawala anaweza kumweka kizuizini mpaka kufa mtu ambaye makosa yake yamekariri na watu wakawa wanadhurika naye. Kauli hiyo ipo. Lakini inasomwa nusu. Al-Mawardi amesema hayo kwa mtu ambaye hakukoma kwa hadi, yaani hadi zimekwishasimamishwa juu yake naye hakuacha. Tena ameweka sharti kwamba chakula na mavazi yake yatoke Baitul Mali. Wanaoichukua kauli hii kwa mshtakiwa ambaye hajahukumiwa hata mara moja wamechukua upanga wakaacha ala yake.

Na wapo wanaosema maslahi ya umma yametangulia. Nasi tunakubali kwamba aliyejeruhiwa njiani ana haki, na kwamba kumwachia mtu kisha akadhuru watu ni msiba. Lakini maslahi yana mlango mwingine kabla ya huu, nao ni kuharakisha kesi. Imam Nawawi ameandika katika mlango wa ukadhi kwamba kadhi akishika kazi, jambo la mwanzo alitazame ni watu wa gerezani. Mtu anayengoja kesi wiki tatu na anayengoja miaka mitatu hawako sawa. Huyu wa pili anaishi chini ya nyongeza muda mrefu kwa kosa la kuchelewa ambalo si lake. Dola inayochelewesha haki halafu ikamzidishia adhabu aliyeteleza katika muda ule wa kucheleweshwa, imelipwa kwa uzembe wake.

JAWABU

Nilimwandikia mwanafunzi wangu hivi, na ninayakariri hapa kwa manufaa ya wengine.

Mwambie mama kwamba mwanawe ana dhambi ya kumjeruhi mtu, na dhambi hiyo haiondoki kwa kuanguka kwa kesi ya wizi. Yule aliyejeruhiwa bado ana haki yake, na lililo bora kwa kijana ni kumwendea kumtaka radhi na kumfidia. Na mwambie kwamba kuongezewa kwa kuvunja uaminifu si dhulma kwa asili yake, ikiwa aliwekewa sharti akaifahamu, kwani kukosekana ushahidi wa wizi hakubatilishi ahadi aliyoitoa. Ama chochote katika miezi ile kilichoongezwa kwa kudhaniwa kwamba ni mwizi, hicho kimechukuliwa bila haki. Na kwa kuwa hakimu hakukitenga, wakili wake na aombe hukumu itazamwe upya kwa njia zinazoruhusiwa na sheria ya nchi ile.

Ninaloliona kuwa salama zaidi ni njia ya kungoja: nyongeza itengwe, isimamishwe, na isitekelezwe mpaka ijulikane kesi ya kwanza ilikuwa na msingi. Si kwamba ahadi ni jambo dogo. Ni kwamba hakimu ni mwanadamu, na moyo wake hauwezi kutenganisha kwa uhakika kati ya kumchukia aliyevunja ahadi na kumdhania kuwa ni mwizi. Imepokewa kwa Tirmidhi maana ya kwamba mtawala kukosea katika kusamehe ni bora kuliko kukosea katika kuadhibu, na Tirmidhi amebainisha kwamba riwaya isiyomfikisha Mtume (s.a.w.) bali ikaishia kwa Bibi Aisha (r.a.) ndiyo iliyo sahihi zaidi. Hata ikiwa ni kauli ya Bibi Aisha, ni kauli ya mjuzi.

NASAHA KWA MAIMAMU

Maimamu wengi hutakiwa wasimame kuwa wadhamini wa vijana wa misikiti yao. Hilo ni jambo jema, lakini si la kutia sahihi na kwenda nyumbani. Inasimuliwa kwamba mtoto wa Kadhi Shurayh alimdhamini mtu, mtu yule akakimbia, na Shurayh akamfunga mwanawe mwenyewe kisha akawa anampelekea chakula gerezani. Dhamana ni amana pande zote mbili. Kwa hiyo ukimdhamini kijana, msomee masharti yake kwa lugha anayoifahamu. Mweleze kwamba kosa dogo analolitenda sasa litapimwa kwa mizani nzito kuliko jana. Muulize kila wiki yuko wapi na yuko na nani. Mtafutie kazi ya kumshughulisha. Na kesi ikichelewa, fuatana na wazazi wake kwenda kuuliza sababu.

Kijana yule wa Uingereza, kwa mujibu wa barua niliyoletewa, alidhaminiwa na watu wawili wa msikitini. Tangu siku ya kutia sahihi mpaka siku ya ugomvi, hakuna hata mmoja wao aliyebisha hodi mlangoni kwao. Ahadi iliyovunjwa katika kisa kile haikuwa moja.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.